Asilimia 1.8
Takwimu za Juni 2022 zilionyesha ukosefu wa ajira Minnesota umeshuka hadi asilimia 1.8. Katika hesabu hiyo, aliyefanya kazi ya ujira walau saa moja kwa wiki ana ajira. Fidia ina kipimo kingine: bima iliyotokana na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 hutazama mishahara iliyolipwa na mwajiri. Dereva wa teksi kutoka Afrika Mashariki aliyejiajiri Minneapolis hana mwajiri wa kumtaja. Machi 2020, kwa sababu ya korona, Bunge la Marekani liliwafungulia waliojiajiri mlango. Septemba 2021 ukafungwa. Mwanahistoria anayetegemea asilimia hiyo pekee atawaandika madereva hao kuwa na kazi, bila kuona kwamba abiria wakikosekana hawana fidia.