Kabla Hujanunua Tredimili ya Mamilioni, Pitia Kwanza Mbulu na Hanang

Siku hizi staa akihamia nyumba mpya, kinachofuata ni video ya jimu ya nyumbani. Vioo ukuta mzima, na katikati tredimili kubwa kama ya hotelini. Mashabiki kazi yao kuulizana bei. Wengi hawajui kwamba mashine hiyo ilianza kama adhabu.

Mwaka 1818 injinia Mwingereza, William Cubitt, alibuni gurudumu kubwa lenye ngazi kwa ajili ya magereza. Wafungwa walilipanda saa nyingi kila siku bila kufika popote. Kuna magereza lilisaga nafaka au kuvuta maji, na kuna mengine lilikuwa la kuwachosha tu. Uingereza iliachana nalo kwa sheria ya mwaka 1898.

Mwaka 1952 huko Seattle, Marekani, daktari Robert Bruce na mtaalamu wa mitambo Wayne Quinton walitengeneza ya mota, ya kupima wagonjwa wa moyo. Ya nyumbani ilikuja baada ya daktari Kenneth Cooper kutoa kitabu chake, Aerobics, mwaka 1968. Injinia William Staub alikisoma, akaamua kutengeneza mashine ambayo mtu wa kawaida anaweza kuinunua na kukimbilia sebuleni.

Sasa shika huo mwaka 1968. Oktoba 20 mwaka huohuo, John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu, alikuwa Mexico City kwenye marathoni ya Olimpiki. Akaanguka, goti likateguka. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda, na zaidi ya saa moja ikapita ndipo Akhwari akaingia uwanjani giza likianza, mguu umefungwa bandeji, anachechemea. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote huko aanze mbio, ilimtuma amalize.

Miaka 10 baadaye, 1978, Gidamis Shahanga kutoka Hanang alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Canada, akiwa hajafikisha hata miaka 21. Mwaka 1982, Brisbane, akaongeza dhahabu ya mita 10,000.

Walikotoka kuna nini? Mbulu mjini ipo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Katesh imekaa chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,417. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mwili unalazimika kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu za kubeba oksijeni. Halafu kuna vilima, ambavyo havikwepeki hata ukienda dukani. Tredimili inakuuzia kilima tu. Ile hewa haipo kwenye boksi. Na hata hewa peke yake haitoi medali, la sivyo kila kijiji cha mlimani kingekuwa na bingwa.

Kwa anayetaka kukimbia kweli, mashine nzito ya kibiashara ina maana. Muuzaji akitaja nguvu za mota, aulizwe: hizo ni za kilele au za kufanya kazi mfululizo? Namba ya kilele huwa tamu, lakini inayobeba mtu saa nzima ni ile ya mfululizo, na kwa mkimbiaji ianzie 3. Mkanda uwe na upana wa sentimita 50 au zaidi na urefu wa 150, la sivyo mwenye hatua ndefu atatua nje. Umeme wetu ni volti 230, na baadhi ya mashine zilizotumika kutoka Marekani ni za volti 110 hadi 120. Nyingi zinavuka kilo 100, kwa hiyo kabla ya kuipandisha ghorofani, fundi aangalie sakafu kwanza na aivutie laini yake ya umeme. Waranti nayo isomwe: ya nyumbani mara nyingi inakufa ukianza kulipisha watu.

Ikishawashwa, mwinuko uwekwe asilimia 1. Utafiti uliofanywa Uingereza mwaka 1996 ulionyesha kwamba hapo ndipo nguvu inayotumika inakaribiana na ya kukimbia nje.

Ila kabla ya kutoa hela, kuna jaribio la bure. Kimbia barabarani miezi mitatu, siku nne kwa wiki, alfajiri kabla ya jua na bodaboda. Ukimaliza hiyo miezi, nunua kubwa bila kujiuliza mara mbili, utaitumia. Ukiishia wiki ya pili, mamilioni yako yamepona, maana nyumba za mjini zina tredimili nyingi zinazoanikiwa taulo. Akhwari alimaliza kwa mguu mmoja mzima, na Mbulu haikumpa mashine yoyote.