Injini ya Kati: Kati ya Nini na Nini?

Katika zile matatu za Nissan za abiria 14 kulikuwa na kiti kimoja ambacho aliyekulia Eastlands ya Nairobi hakisahau: kile kidogo cha mbele, baina ya dereva na abiria wa mlangoni. Ulikikalia Umoja alfajiri, gari likakwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, na kufikia Muthurwa suruali ilikuwa imeshikana na kiti kwa jasho. Gari likichemsha, waliokaa mbele walishuka, makanga akakifunua kiti kama anayefunua sufuria ya githeri, akaomba maji. Injini ilikuwa hapo chini muda wote.

Nakitaja kiti hicho kwa sababu ya istilahi inayotusumbua sisi tunaoandika habari za magari kwa Kiswahili. Ukifasiri karatasi ya vipimo vya gari la spoti la paa la kukunja, utakutana na mstari unaosema injini iko wapi, na mkono utataka kuandika “katikati”. Msomaji naye atauliza, kwa haki kabisa: katikati ya gari hukaa watu, sasa injini imepakatwa na nani?

Kinachozungumzwa ni ekseli. Gari lina mbili, ya mbele na ya nyuma. Injini iliyokaa juu ya ekseli ya mbele au mbele yake ni injini ya mbele, kama ya Probox. Iliyoning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma ni injini ya nyuma, kama ya Volkswagen ya mgongo wa kobe ambayo Tommy Fjastad alishinda nayo Safari Rally mwaka 1962. Iliyo baina ya ekseli hizo ndiyo tunayoitafutia jina. Hakuna anayepima kutoka bampa hadi bampa akitafuta kitovu.

Na Kiswahili tayari kimeitenga tofauti hiyo. Nyumba iliyo kati ya Donholm na Kayole yaweza kuwa popote njiani. Iliyo katikati ya Kayole imezungukwa na Kayole pande zote. “Kati” hudai mipaka miwili, “katikati” hudai kitovu. Anayeandika “injini ya katikati” amerefusha neno na kupunguza maana. “Injini ya kati” yatosha, na penye nafasi aongeze: kati ya ekseli.

Tatizo ni kwamba kwa kipimo hicho ile Nissan yetu nayo inadai udugu. Dereva wake hukaa juu ya magurudumu ya mbele, na sehemu kubwa ya injini iko nyuma ya mstari wa ekseli. Toyota Estima ya kwanza, iliyotoka mwaka 1990, ilikwenda mbali zaidi: injini ililazwa kwa nyuzi 75 chini ya viti vya mbele, na watengenezaji hawakuona haya kuiita ya kati. Ndiyo maana wahandisi huigawa tena. Ikiwa mbele ya dereva au chini yake, ni ya kati-mbele. Ikiwa mgongoni mwake, ni ya kati-nyuma, na hii ndiyo anayoikusudia muuzaji wa gari la spoti. Mimi naipenda “injini ya mgongoni”, kwa sababu mama yeyote anayefunga mtoto kwa leso anajua mzigo wa mgongoni hukaa wapi.

Tuchukue mfano usio wa mabilionea. Toyota MR-S ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007: viti viwili, paa la kitambaa, injini ya silinda nne ya cc 1,794 iliyokaa kwa upana wa gari nyuma ya viti, ikiendesha magurudumu ya nyuma. Ilitoa nguvu za farasi 140 kwa mizunguko 6,400 kwa dakika. Urefu wake ni mm 3,885, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mm 2,450, yaani magurudumu yote yako karibu na pembe za gari. Uzito ni karibu tani moja. Injini yenyewe inaitwa 1ZZ-FE, na hapo wasomaji wa Buruburu watatabasamu, maana ni ile ile iliyomo kwenye Toyota Wish na Premio za cc 1,800 za miaka hiyo. Ukiitaka, spea zake zinaulizwa Kirinyaga Road kila siku. Kilichobadilika ni mahali ilipowekwa.

Kwa nini mahali pawe na thamani hivyo? Mwulize mwenye mkokoteni wa maji. Ana mitungi kumi ya lita 20. Akiirundika juu ya ekseli, mkokoteni unazunguka kwenye kona ya uchochoro kwa kusukumwa kidogo tu. Akiigawa, mitano ncha ya mbele na mitano ncha ya nyuma, uzito ni ule ule, lakini mkokoteni hautaki kuanza kugeuka, na ukishaanza hautaki kuacha. Injini ni mtungi mkubwa kuliko yote garini. Ikisogezwa karibu na kitovu cha uzito, gari linaitikia usukani upesi. Adhabu yake ni ya aina hiyo hiyo: dereva akiondoa mguu ghafla katikati ya kona, nyuma inaweza kuruka na kutangulia mbele kabla hajajua kosa lake.

Barabara mbovu hazikuupenda sana mpango huu. Lancia Stratos, yenye injini mgongoni, ilimaliza ya pili katika Safari ya 1975 mikononi mwa Sandro Munari. Peugeot 504, gari la familia lenye injini mbele, ndiyo iliyoshinda ikiendeshwa na Ove Andersson.

Paa nalo lina istilahi yake ya kutatiza. Neno la Kiingereza linasema tu kwamba gari “laweza kugeuzwa”, halisemi kinachogeuzwa ni nini. Tuliache. Gari la paa la kukunja ni maneno marefu kidogo lakini hayamfichi mtu kitu. Chukua boksi la viatu, ondoa kifuniko, kisha lisokote: litakubali. Ndivyo bodi inavyolegea paa likiondolewa, na kwa hiyo mtengenezaji huongeza vyuma chini ya sakafu.

Turudi kwenye injini: Wajapani waliposaka jina la ile ya kati walikwenda baharini. Herufi M ya MR-S inasimama badala ya neno la mabaharia la Kiingereza, lenye maana ya sehemu ya kati ya meli. Sisi tunayo bahari hiyo hiyo na maneno yaliyokomaa zaidi: omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na ngama ni chini ndani, maji yanapokusanyika. Kuna methali ya Pwani: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Historia ya injini imeifuata neno kwa neno. Benz mwaka 1886 aliiweka nyuma, Panhard et Levassor mwaka 1891 wakaipeleka mbele, na Cooper ndogo yenye injini mgongoni ikampa Jack Brabham ubingwa wa dunia mwaka 1959. Baada ya miaka michache magari ya Formula 1 yenye injini mbele yalikuwa yametoweka. “Injini ya ngamani” lingekuwa jina zuri mno, kama mtu wa Dandora angekuwa amewahi kuiona ngama. Nalihifadhi kwa washairi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane, kwa hiyo mlango wa MR-S umefungwa siku nyingi. Lakini tuseme moja iliyotangulia imeletwa Kariobangi Light Industries ikiwa imechemsha. Fundi atafungua bonneti ya mbele na kukuta gurudumu la akiba. Atazunguka nyuma ya viti, aione injini anayoijua kwa majina yote. Radieta ameshaiona kwenye pua ya gari, na mabomba ya maji yanapita chini ya sakafu mwendo wote huo. Hataniuliza injini hii inaitwaje kwa Kiswahili. Atauliza hewa inatolewa wapi.