Alama za Vidole na Ile Fomu ya Mlangoni

Kazi za watu zimenibana, na hapa Ziwani stima nayo ina tabia zake. Leo nimeona niandike juu ya jambo ambalo limenikera tangu nianze kuandika programu: kwa nini pesa na siku hukimbilia kile kinachong'aa, na kile kilichooza kinabaki pale pale?

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitengeneza programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo (jina sitalitaja). Kulikuwa na mdudu kwenye hesabu ya riba: senti zilikuwa zikikatwa ovyo kila mwezi, na kwa mwanachama wa siku nyingi senti hizo huwa shilingi, tena si haba. Nikamweleza mwenyekiti. Yeye akaniuliza kama zile chati za rangi zinazozunguka zitakuwa tayari kwa mkutano mkuu. Zilikuwa tayari. Watu wakapiga makofi! Baada ya mkutano mama mmoja akanifuata na kitabu chake cha akiba, akaniwekea kidole mahali ambapo hesabu yake na ya mtambo wangu zilikuwa zimeachana. Sikuwa na la kumjibu.

Sasa chukua kisa hicho ukikuze kiwe cha nchi nzima.

Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na nchi ikawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya wakati huo, alisema siku chache baadaye kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Mwenye mizani hajui uzito! Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Johann Kriegler, jaji mstaafu kutoka Afrika Kusini, na ripoti yake ikatoka Septemba 2008.

Ripoti hiyo nimeisoma kama fundi anavyosoma orodha ya hitilafu. Daftari la wapiga kura lilikadiriwa kuwa na majina ya wafu yapatayo milioni 1.2. Na jinsi matokeo yalivyokusanywa, kutumwa na kujumlishwa ilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Kwa hiyo matatizo ni mawili. La kwanza, nani yumo kwenye daftari. La pili, namba iliyohesabiwa kituoni inasafiri vipi hadi Nairobi bila kubadilika njiani. Hakuna hata moja linalodai maajabu.

Tume ya muda iliyofuata, IIEC, chini ya Isaack Hassan, ilishughulikia lile la pili kwa njia ya kawaida kabisa: msimamizi wa kituo anaingiza namba kwenye simu ya mkononi, anatuma. Katika kura ya maoni ya Katiba, tarehe 4 Agosti 2010, matokeo ya awali yalimiminika haraka na hakuna aliyerusha jiwe. Sisi wa Starehe (Ziwani imo humo) tulirudi kwenye foleni tarehe 20 Septemba mwaka huo huo kwa uchaguzi mdogo wa ubunge, kwa sababu ule wa 2007 ulikuwa umefutwa na mahakama.

Ungedhani kazi iliyobaki ni kuchukua kile kilichofanya kazi na kukikomaza: kukijaribu, kukipa seva ya kutosha, kuwafunza watu. Lakini 2012 mazungumzo yote yalikuwa ya alama za vidole. Zabuni ya mitambo ya kusajili wapiga kura kwa bayometriki ilizua mvutano mpaka tume, sasa IEBC, ikaifuta mwezi Julai. Serikali ikaingilia kati, mkopo ukapitia Kanada, gharama ikapita shilingi bilioni 7, na mitambo 15,000 ikaja kwa kuchelewa. Usajili ukafanywa kwa siku 30 tu, kuanzia 19 Novemba hadi 18 Desemba 2012. Watu milioni 14.3 walijiandikisha, na hilo lazima nilisifu: daftari jipya lilikuwa tiba ya kweli ya tatizo la kwanza.

Basi ukanunuliwa na mtambo mwingine, wa kumtambua mpiga kura kwa kidole siku yenyewe ya kura. Huu ndio ule wa kuonyeshwa kwenye televisheni. Na kalenda, ndugu zangu, haikopesheki Kanada. Uchaguzi ulikuwa tarehe 4 Machi 2013. Siku hiyo, katika vituo vingi, betri zilikwisha, kompyuta zikadai nywila ambayo karani hana, na watu wakarudi kwenye daftari la karatasi. Jioni mfumo wa kutuma matokeo, ule mnyenyekevu wa 2010, nao ukaanguka. Kabla haujaachwa, televisheni zilionyesha kura zilizokataliwa zaidi ya 300,000. Taifa likaanza kubishana kama kura hizo zihesabiwe kwenye asilimia, maana asilimia 50 ndiyo ilikuwa mpaka wa ushindi. Baadaye tume ikaeleza: ni mdudu, programu ilikuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Idadi iliyotangazwa mwishoni ilikuwa 108,975, na Uhuru Kenyatta akapata asilimia 50.07.

Mara nane! Kosa la namna hii hugunduliwa kwa jaribio la saa moja. Unaingiza matokeo ya kituo ambacho majibu yake unayajua, halafu unatazama kama yanatoka jinsi yalivyoingia. Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya mwaka huo ilisema kushindwa kwa mitambo kulitokana na mivutano ndani ya tume wakati wa ununuzi. Kwa lugha yetu sisi waandishi wa programu: siku za kujaribu ziliishia kwenye zabuni.

Mwaka 2017 vikaja vishikwambi 45,000 vya KIEMS, na kidole kikatambuliwa vizuri kuliko awali. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, aliuawa siku chache kabla ya kura ya 8 Agosti. Siku mbili kabla ya kura hiyo tume ilisema vituo 11,155 havina mtandao wa 3G wala 4G. Matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 11 huku fomu nyingi za vituo, 34A, zikiwa hazijaonekana. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi. Mahakama ilikuwa imeamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikutii kikamilifu. Hapo hata programu nzuri kuliko zote isingesaidia.

Iliyosaidia mwaka 2022 mtoto wa chuo angeiandika (naomba radhi kwa walioiandika): tovuti iliyopangwa kwa kaunti, jimbo, wadi na kituo, na mwishoni picha ya karatasi. Vituo 46,229, na ndani ya siku chache karibu picha zote zilikuwa hadharani, mtu yeyote azijumlishe mwenyewe. Makamishna wanne kati ya saba walipoyakana matokeo tarehe 15 Agosti, ugomvi ulikuwa mkubwa, lakini karatasi zilikuwa tayari mikononi mwa kila mtu. Mahakama ya Juu ilipolinganisha fomu halisi na zile za tovutini haikuona tofauti, na tarehe 5 Septemba ikayathibitisha matokeo.

Kuna mzee hapa mtaani ambaye kila uchaguzi hukaa na redio na daftari la mistari, akiandika namba. Mwaka 2022 mjukuu wake alimfungulia tovuti ile kwenye simu. Hakutaka kuona jumla ya nchi. Alitaka kituo chake, kile alichopigia kura. Usiku wa kura alikuwa amenakili namba zote kutoka kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni. Akavaa miwani, akazisoma moja moja, kidole kwenye daftari, jicho kwenye simu.

"Ni zenyewe," akasema, akamrudishia kijana simu yake.

Yule mama wa kitabu cha akiba alilipwa, nilirekebisha hesabu mwezi uliofuata. Chati bado zinazunguka.