Sisimizi Seremala wa Mara na Jina la Mwaka 1782

Hebu fanya hivi. Ukiwa Butiama, Bunda au kando ya ziwa pale Musoma, toka usiku na tochi, umulike chini ya ile miamba mikubwa. Ukiona sisimizi mkubwa, miguu mirefu, rangi ya kahawia na madoa ya njano ubavuni mwa tumbo, huenda umekutana na Camponotus maculatus, au ndugu yake. Hiyo "au ndugu yake" ina historia ndefu.

Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden aliwaweka sisimizi wote katika jenasi moja, Formica. Mwaka 1782 mwanafunzi wake, Fabricius wa Denmark, akamwita mmoja kutoka Afrika Formica maculata, yaani sisimizi mwenye madoa. Maelezo ya enzi hizo yalikuwa mistari michache ya Kilatini. Mdudu aliishi kwenye gogo au chini ya jiwe? Mara nyingi hakuna aliyejali.

Mwaka 1861 Gustav Mayr wa Vienna alianzisha jenasi Camponotus. Mayr huyohuyo, mwaka 1907, alichapisha maelezo ya sisimizi waliokusanywa huku kwetu, Kilimanjaro na Meru, na Msweden Yngve Sjöstedt mwaka 1905 na 1906. Wataalamu kama Forel na Emery nao waliongeza "aina" nyingi chini ya maculatus, kwa tofauti ya rangi tu wakati mwingine. Jina likawa kapu la kila kitu. Leo Camponotus ina spishi zaidi ya 1,000, na baadhi ya zile "aina" zimetambuliwa kuwa spishi kamili.

Sasa utamjuaje? Anza na jenasi. Kiuno kina kinundu kimoja. Mgongo umepinda kama upinde, bila kushuka ghafla. Wafanyakazi wa kiota kimoja hutofautiana sana kwa ukubwa. Hana mwiba: huuma kwa taya na kunyunyiza asidi. Aliyekudunga kwa nyuma si yeye.

Halafu angalia makazi, maana hapa ndipo watu wanapokosea. Jina "seremala" linatokana na spishi zinazochonga mbao ili zikae humo. Hazili mbao, anayekula ni mchwa, ambaye wala si sisimizi. Na wengi wa savana zetu hukaa ardhini, chini ya mawe, au kwenye mti uliokwisha kuoza. Kwa hiyo ukiwakuta kwenye boriti, kabla ya kumwaga dawa kagua paa: pengine linavuja, na boriti imeanza kuoza.

Ukipiga picha, andika pia mahali, saa, na kama ni jiwe, udongo au gogo. Bila hayo, rangi peke yake itaturudisha kwenye kapu lilelile.