Hesabu ya Mwaka na Majira ya Nechells

Wazee wetu wa Visiwani na wa Pwani walikuwa na hesabu mbili za mwaka. Ya kwanza ni ya mwezi, nayo ndiyo ya ibada: saumu, Hija, Maulidi na Idi. Ya pili ni ya jua, nayo ndiyo ya shamba na bahari. Sababu yake ni wazi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hivyo huutangulia mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Mkulima angepanda mpunga kwa kufuata Rajabu, mwaka huu angekutana na mvua, na baada ya miaka michache angekutana na jua kali.

Basi wazee wakauweka mwaka wa siku 365, ukianzia Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Siku waliziweka katika miongo, kila mwongo siku 10. Miongo 36 hufanya siku 360, na zile tano zinazobaki ziliitwa gatha. Mpaka leo watu wa Makunduchi, Unguja, hukoga mwaka kila mwezi wa Julai.

Hesabu hii haikuwa pambo. Ilimwambia mtu la kufanya. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba, vyombo vya Uarabuni na Bara Hindi huja. Ikigeuka kusi, hurejea kwao. Masika, kipupwe na vuli, kila kimoja kina kazi yake, chakula chake na maradhi yake. Hakuna masika yasiyo na mbu, walisema wazee, lakini hawakuyakimbia masika. Walijua yanaanza lini na yanakwisha lini.

Sisi tuliohamia Nechells tumekuja na hesabu ya mwezi, na alhamdulillahi hatukuiacha. Ile ya jua tumeiacha kwa mwenye kazi: yeye ndiye anayetwambia saa ya kuingia na ya kutoka. Nimekaa hapa tangu 1998, na kila mwaka naona jambo moja. Mzee aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu kila asubuhi kwao, hapa huketi dirishani tangu Novemba mpaka Aprili. Jua likirudi, miguu haimchukui tena, na moyo wake umepoa. Watoto wake humwita mvivu au mgonjwa. Kwa maoni yangu, aliyekosekana ni mtu wa kumfundisha majira ya hapa.

Wengine hunambia, "Mwalimu, Nechells ina nini cha kutazamwa?" Jibu limo katika tarikhi. Hapa jirani, Duddeston, palikuwa na bustani mashuhuri iliyoitwa Vauxhall, watu wakija kutembea na kusikiliza muziki. Mwaka 1837 reli ilifika na stesheni ikapewa jina hilo hilo. Mwaka 1850 bustani ikafungwa, na mji ukaendelea kula ardhi. Mifereji ilikwishachimbwa: wa kwenda Fazeley ulimalizika 1789, na ule unaotoka Salford Junction kuelekea Bordesley ukafunguliwa 1844. Ikaja mitambo ya gesi, na mwaka 1923 kituo cha umeme, vyote vikila makaa ya mawe. Kwa miaka mingi wenyeji wa hapa, nao ni masikini wenzetu, walianika nguo zikaingia masizi.

Sheria ya hewa safi ya 1956 ilianza kuuondoa moshi wa majumbani. Kituo cha umeme kikazimwa mwaka 1982, na mwaka 2000 mahali pake pakafunguliwa Star City, pale watoto wetu wanapokwenda sinema. Yaani kijani tunachokiona leo si masalio, ni marejeo. Anayepita kando ya mfereji asipotazama anapitwa na jambo lililochukua zaidi ya miaka mia kurudi.

Na la kutazamwa lipo. Aprili miti ya barabarani huvaa maua meupe na ya waridi hata kabla ya majani. Mei hufika mbayuwayu, na Agosti huondoka kwenda Afrika, bila ya pasipoti. Mwisho wa Agosti na Septemba, vichaka vya miiba kando ya mfereji huzaa matunda meusi madogo, matamu, ya bure; yafaa kwa jemu. Oktoba na Novemba majani hupukutika. Majira ya baridi, miti ikiwa mitupu, ndipo korongo wa kijivu na mnandi huonekana vizuri, hata katika ziwa la Salford Park, chini ya yale madaraja ya Gravelly Hill yaliyofunguliwa mwaka 1972.

Saa zetu pia zinataka kufundishwa upya. Kwetu jua huchwa karibu na saa 12 mwaka mzima, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Hapa, mwisho wa Juni jua hutoka saa 11 kasorobo alfajiri na kuchwa saa 3 na nusu usiku. Mwisho wa Disemba hutoka saa 2 na robo na kuchwa kabla ya saa 10. Kwa hivyo matembezi ya mzee wakati wa baridi yawe saa 6 mchana, si jioni. Na kwa kuwa jua la Oktoba mpaka Machi halitoshi kuupa mwili vitamini D, wakubwa wa afya wa nchi hii wanashauri mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na kwa wenye ngozi nyeusi au wanaojifunika, mwaka mzima. Mwenye dawa nyingine amuulize daktari wake kwanza.

Rai yangu kwa jamaa ni hii. Kila nyumba iwe na daftari moja, na katika kila mwongo mtoto mmoja atoke na babu au bibi yake, aandike walichokiona: ua gani, ndege gani, jua limechwa saa ngapi. Tuanze tarehe 21 Machi. Siku hizo ndizo za Nairuzi ya asili huko Uajemi, usiku na mchana vikiwa karibu sawa. Ya kwetu, kwa kutoongezwa siku ya mwaka mrefu, imetembea mpaka Julai. Watoto wapewe na hesabu yake: miongo 36, na siku tano, na kila mwaka wa nne siku sita. Kitabu cha mwakani kikichapwa, naomba wahariri watutengee kurasa mbili za madaftari hayo.