Fahamu Ukaguzi, Usafi na Matengenezo ya Mifuko ya Maji ya Kuzimia Moto wa Msituni

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo ndani ya Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro. Askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, pamoja na wananchi wa vijiji vya jirani walipanda mlima kwenda kuukabili. Oktoba 2022 moto ulizuka tena mlimani humo, safari hii katika eneo la Karanga. Matukio hayo mawili yalikumbusha kwamba katika miteremko na makorongo yasiyofikiwa na gari la zimamoto, mafanikio ya kazi hutegemea miguu ya watu na vifaa wanavyoweza kubeba.

Miongoni mwa vifaa hivyo ni mfuko wa maji wa mgongoni. Makala hii inaeleza namna ya kuukagua, kuusafisha na kuutengeneza, kwa manufaa ya kamati za mazingira za vijiji, wamiliki wa mashamba ya miti, shule, taasisi na wananchi wote wanaotunza vifaa vya aina hii.

Mfuko wa maji wa mgongoni ni nini?

Ni mfuko laini uliotengenezwa kwa kitambaa kigumu kilichopakwa mpira au plastiki ili kisipitishe maji. Hubebwa kwa mikanda miwili ya mabegani na huunganishwa kwa mpira wa maji na pampu ya mkono, ambayo mtumiaji huivuta na kuisukuma ili kurusha maji. Mifuko mingi ya aina hii huchukua takribani lita 19, kiasi kinachokaribia ndoo ya kawaida ya lita 20. Ukijaa, mfuko pamoja na pampu yake huzidi kilo 20.

Kifaa hiki hakikusudiwi kuzima miali mikubwa. Kazi yake hasa ni kupoza kingo za moto, kusaidia wanaofyeka njia ya kuzuia moto na, zaidi ya yote, kuzima masalia: visiki, mizizi, magogo na makaa yaliyofunikwa na majivu. Masalia hayo yasipozimwa kikamilifu, upepo wa mchana unaweza kuyaamsha na kuurudisha moto katika eneo lililodhaniwa kuwa salama.

Hapo ndipo umuhimu wa matunzo unapoonekana. Mfuko unaovuja humlowesha mbebaji mgongo wakati wa kupanda na kumfikisha kileleni akiwa na nusu ya maji. Pampu iliyokwama humwacha amesimama mbele ya kaa jekundu akiwa na mzigo usiomsaidia. Kasoro za namna hiyo kwa kawaida hazizaliwi siku ya moto. Hutokana na mfuko kurudishwa ghalani ukiwa mchafu, wenye unyevu na bila kukaguliwa.

Ukaguzi ufanyike lini?

Ukaguzi ufanyike mara tatu: mara tu mfuko unaporejeshwa kutoka kazini, kabla ya kiangazi kuanza, na kabla ya kukabidhiwa kwa mtumiaji. Kila mfuko upewe namba na kadi inayoonesha tarehe ya ukaguzi, kasoro iliyoonekana, matengenezo yaliyofanyika na jina la aliyekagua. Bila kumbukumbu hizo, mfuko uliorudishwa ukiwa mbovu huchanganyika na mizima, na hugundulika tena msituni.

Katika ukaguzi wa macho, mkaguzi aanze na kitambaa. Atafute matundu, michubuko, alama za kuungua, ukungu, na sehemu zilizopauka au kupasuka kutokana na jua. Maungio yakaguliwe kwa kuyavuta taratibu kwa vidole. Kisha aangalie kifuniko na mpira wake, chujio, viunganishi, na mpira wa maji kwa urefu wake wote, hasa karibu na viunganishi ambako hukunjika mara kwa mara. Mikanda, nyuzi na vibano vyake navyo visisahaulike, kwa kuwa mkanda ukikatika mlimani unaweza kumwangusha mbebaji.

Baada ya hapo lifuatie jaribio la maji. Mfuko ujazwe, ufungwe na kutundikwa mahali imara, juu ya sakafu kavu, kwa saa kadhaa. Tone lolote sakafuni lifuatiliwe hadi chanzo chake kijulikane, na mahali hapo pawekewe alama. Mwisho, pampu ijaribiwe kwa kurusha maji, na umbali wa maji hayo ulinganishwe na ule wa pampu inayojulikana kuwa nzima.

Hatua za usafi

Mfuko umwagwe maji yote na kusuuzwa kwa maji safi hadi yanayotoka yasiwe na tope, majani wala mchanga. Maji safi yapitishwe pia ndani ya mpira na pampu, kwa sababu chembe za mchanga zinazobaki humo ndizo hukwamisha valvu na kukwaruza silinda. Chujio litolewe na kusuguliwa kwa brashi laini.

Nje na ndani ya mfuko paoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha pasuuzwe vizuri. Petroli, mafuta ya taa, tina na dawa kali za kung'arishia zisitumike, kwa kuwa hudhoofisha mpira na gundi. Endapo maji yalichanganywa na povu la kuzimia moto, usuuzaji urudiwe mara kadhaa. Povu huondoa mafuta ya kulainishia ndani ya pampu na mabaki yake huwasha ngozi.

Mfuko uning'inizwe kivulini, mdomo ukiwa wazi na ukielekea chini, hadi ukauke kabisa. Kuuanika juani kwa muda mrefu huonekana kuharakisha kazi, lakini mionzi ya jua hukausha na kupasua kitambaa. Kuufunga ukiwa na unyevu hukaribisha ukungu.

Matengenezo

Tundu dogo katikati ya kitambaa linaweza kuzibwa kwa kiraka. Sehemu husika ikaushwe, isafishwe kwa spiriti na kukwaruzwa kidogo kwa msasa. Kiraka kiwe cha kitambaa cha aina moja na mfuko, kikatwe kwa pembe za mviringo ili kisibanduke, na kizidi ukingo wa tundu kwa sentimita tatu hivi kila upande. Gundi iwe ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, na muda wake wa kukauka uheshimiwe. Baada ya hapo jaribio la maji lirudiwe. Kiraka ambacho hakijajaribiwa kisihesabiwe kuwa matengenezo.

Pampu nayo huonesha dalili zinazotofautiana. Ikivuta hewa badala ya maji, tatizo mara nyingi ni kiunganishi kilicholegea au ufa katika mpira. Ikiwa nzito kuvutwa, inawezekana oringi zimekauka au mchanga umeingia. Ikivutika kwa urahisi lakini haitoi maji, valvu huenda imekwama au imechakaa. Maji yakitoka kwa mkondo dhaifu au uliopinda, mdomo wa pampu umeziba. Mdomo huo usizibuliwe kwa msumari au waya, kwani tundu likipanuka mkondo hauwezi kurudi katika hali yake. Oringi zilainishwe kwa grisi ya silikoni, kwa kuwa grisi ya petroli huvimbisha baadhi ya aina za mpira.

Mikanda inaweza kushonwa upya kwa uzi imara, mradi sindano isitoboe sehemu inayohifadhi maji. Mkanda uliofungwa kwa fundo ubadilishwe.

Mfuko wa kuondolewa kazini

Mfuko uondolewe kabisa endapo maungio yake yameachia, kitambaa kimepasuka kwa eneo kubwa, kimeyeyuka kwa moto, au viraka vimekuwa vingi. Vivyo hivyo kwa mfuko uliowahi kubeba dawa za kuua magugu, viuatilifu au mafuta, kwa kuwa kuuosha hakutoi uhakika wa usalama. Mfuko huo ukatwe ili usirudi kazini kwa makosa. Pampu na viunganishi vilivyo vizima vya mfuko uliochakaa tu, usioguswa na kemikali, vinaweza kuhifadhiwa kama vipuri. Maji ya mfuko wowote wa kuzimia moto yasitumike kwa kunywa.

Uhifadhi

Mifuko iliyokauka iviringishwe bila kukandamizwa, au itundikwe, mahali pakavu, penye hewa na mbali na jua, panya, mafuta na betri. Iliyo tayari itengwe na inayosubiri matengenezo, na kila kundi liwekewe alama inayosomeka hata usiku.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kifaa kizima hakiondoi wajibu wa kutoa taarifa mapema. Anayeona moto msituni atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji, ofisi ya misitu au hifadhi iliyo karibu, au apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Taarifa ya mapema huwakuta wazima moto wakiwa na kazi ndogo, na mfuko uliotunzwa huwawezesha kuimaliza.