Kutoka Shinkolobwe mpaka ndani ya kompyuta: namna watu walijifunza kuhesabu mionzi

Wengi wetu tunajua Shinkolobwe juu ya bomu. Hadithi inasimama pale: madini ya Katanga ilienda Marekani, Hiroshima ikaungua 1945, mwisho. Mimi lisansi yangu ni ya kilimo, si ya fizikia, lakini naona hadithi hii iko na mlango wa pili.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alituma New York zaidi ya tani 1.200 za mawe ya uranium ya Shinkolobwe. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likainunua. Kule Los Alamos wataalamu walikuwa na swali gumu: neutroni ikiingia ndani ya chuma, itapita wapi? Kila hatua inaweza kugeuka, kusimama, ao kuzaa zingine. Hesabu ya kalamu ilishindwa.

Mwaka 1946 Stanislaw Ulam alikuwa anapona ugonjwa, anacheza karata peke yake. Akajiuliza: mara ngapi mchezo huu unafaulu? Akaona ni rahisi kuucheza mara mia na kuhesabu, kuliko kutafuta formula. Rafiki yake John von Neumann akapeleka wazo hilo kwa kompyuta ENIAC, na 1948 hesabu za kwanza zikafanyika. Njia hiyo iliitwa Monte Carlo, jina la mtaa wa kamari kule Monaco. Bahati nasibu ikawa kifaa cha elimu.

Kukabaki swali lingine: mionzi ikiingia ndani ya mwili, inaacha nguvu kiasi gani? Kipimo chake ni gray, maana yake joule moja kwa kilo. Lakini ile ni wastani tu. Sisi watu wa shamba tunaelewa mara moja: mvua ya mawe ikipiga hektari moja, wastani hauambii kitu mhindi uliovunjika, wala ule wa pembeni uliobaki wima. Na seli njo vile: moja inapigwa sana, jirani yake haipati kitu.

Sasa, namna gani kupima ndani ya kitu cha mikrometa moja? Katika miaka ya 1950, Harald Rossi wa Columbia University, New York, alipata ujanja. Alichukua tufe dogo, akalijaza gazi yenye atomu zinazofanana na za mwili, kwa mkazo mdogo sana. Tufe la sentimita 1,27 lenye gazi nyepesi mara 12.700 kuliko nyama ya mwili, chembe ikilikata inapoteza nguvu sawa na ile ingepoteza katika mikrometa moja ya mwili. Ni kama kukuza seli mpaka uishike mkononi.

Lakini tufe liko na ukuta, seli haina ukuta wa plastiki. Chembe mbili ambazo katika mwili zingepita mbali mbali, ukuta unaziingiza pamoja ndani ya gazi, na kifaa kinahesabu pigo moja kubwa. Pale njo Monte Carlo inarudi: ndani ya kompyuta unajenga tufe lenye ukuta, kisha lingine bila ukuta, unatupa chembe milioni, unalinganisha. Hivi unajua kosa la kifaa ni kiasi gani, kabla ya kuamini namba yake juu ya mtu.

Ninaandika haya kwa sababu Shinkolobwe watu waliendelea kuchimba kwa mikono, na 2004 mgodi uliporomoka ukaua. Udongo wetu ulisaidia kuzaa elimu hiyo. Wachimbaji wetu hawakuonja faida yake. Lakini leo Geant4, programu iliyozaliwa CERN na kutolewa 1998, ni ya bure. Kinshasa ilikuwa na reaktoa ya kwanza ya Afrika tangu 1959, kwa hiyo elimu hii si mgeni kwetu. Wanafunzi wa fizikia, ombeni somo hilo kwa TFC yenu. Uranium iliondoka ndani ya mapipa. Elimu yake inaweza kurudi kwa kompyuta ndogo.